Mwanaidi, usimpe fundi simu ya baba

Tanga

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto limezidi. Picha zimefika na nimezitazama mpaka macho yakauma. Nakuandikia haraka kabla hujampelekea fundi: tafadhali asiipake rangi ile simu ya kizamani ya kuzungusha ya marehemu baba, wala asiitoe matumbo kama samaki ili aweke mashine ya simu ya mkononi. Najua amekuambia itapendeza sebuleni. Itapendeza, lakini haitakuwa simu tena.

Kwa nilivyoiona, hiyo ni namba 332, aina ambayo posta ya Uingereza ilianza kuitumia mwaka 1937. Umbo lake lilitokana na simu ya kampuni ya Ericsson iliyochorwa na msanii wa Norway, Jean Heiberg. Tena weusi wake si wa kupakwa. Ni bakelaiti, ile plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, iliyochanganywa na unga wa mbao na kufinyangwa kwa joto na mgandamizo. Kinachong'aa ni ngozi ya juu tu. Fundi akiipiga msasa, unga wa mbao utafichuka, na hapo hakuna polishi ya kuurudisha ule mng'ao. Wewe chukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukikamue sana, uifute. Ikikauka, paka polishi ya Brasso kidogo kwa pamba na usugue polepole. Usiiloweke kabisa.

Lakini shida uliyonieleza, kwamba namba zinakosea, iko kwenye kile kisahani cha kuzungusha, na hapo ndipo roho ya simu ilipo. Unapozungusha kwa kidole hakuna kinachotumwa bado. Kisahani kinaporudi chenyewe kwa nguvu ya springi, ndimi mbili ndogo za chuma huachana na kugusana, na kila zikiachana umeme wa laini unakatika: ukipiga 3 unakatika mara 3, ukipiga 0 mara 10. Mtambo wa kuunganisha simu, ule wa mjini, huhesabu hiyo mikato. Ni fikra iliyotoka kwa Almon Strowger wa Kansas City, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika maiti, na hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1891. Mimi bado inanishangaza kwamba mtambo mzima wa mji uliweza kuongozwa na springi moja na kidole cha mtu.

Sasa, mikato inatakiwa iwe 10 kwa sekunde. Ndani mna kidhibiti mwendo: vizito viwili vidogo vinavyotanuka kadiri vinavyozunguka, vikasugua ukuta wa kikombe na kupunguza kasi. Jaribu hivi: zungusha 0, achia, sikiliza. Kisahani kirudi kwa sekunde moja na kitu, kwa sauti iliyo sawa mwanzo hadi mwisho. Kikikokota, au sauti ikipanda na kushuka, basi mafuta ya zamani yameganda. Yafute kwa spiriti, kisha chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya cherehani na uguse ekseli tu. Ndani ya kikombe yasiingie hata tone, kwa sababu vizito vitateleza na kisahani kitakimbia. Zile ndimi zipitishie kipande cha karatasi ngumu safi katikati yake, maana ukitumia msasa zitakufa. Na kabla ya yote haya, chomoa waya ukutani, maana simu ikiita, umeme wake unafika volti 75 hivi na unarusha mkono.

Kama sauti yako inasikika hafifu upande wa pili, ni chembe za kaboni zilizoshikana ndani ya kinywa cha kusemea, na unyevu wa pwani yetu unazidisha. Gongesha mkono wa simu taratibu kwenye kiganja. Kengele nayo ikilia kama imefunikwa, legeza skrubu ya kikombe kimoja cha kengele ukizungushe kidogo, kwani hufungwa nje kidogo ya kitovu ili kisogee karibu au mbali na kinyundo.

Laini ndiyo itakayokusumbua. Visanduku vingi vya intaneti ya faiba, vinavyopitisha simu siku hizi, havielewi mikato, vinaelewa milio ya vibonye tu. Utaweza kupokea simu na kuzungumza, lakini ili upige utahitaji kifaa kidogo cha kugeuza mikato iwe milio. Kinakaa nje, kwenye waya, hakigusi chochote ndani. Hicho nitakutafutia mimi.

Nitumie picha ya chini yake, na ya mkono wa simu upande wa ndani, maana mwaka wa kutengenezwa mara nyingi umegongwa hapo kwa tarakimu mbili. Mwambie fundi asubiri mpaka nije Mombasa baada ya Idi, nitakuja na bisibisi zangu.

Wako akupendaye,
Zuhura