Risala ya Wahitimu wa Uuguzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi: shikamooni.

Tunasoma risala hii hapa Ngara, wilaya yenye Benaco, iliyokuwa kambi ya wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Baadhi yetu tumelelewa na mama na shangazi waliobeba machela kambini. Suala la tiba wakati wa vita tumelikuta nyumbani.

Mheshimiwa, tumefundishwa kwamba majeruhi hutibiwa kwa uzito wa jeraha lake, si kwa upande aliopigania. Ndivyo isemavyo Mikataba ya Geneva ya 1949, na Itifaki zake za 1977 zinakataza kumwadhibu mhudumu wa afya kwa sababu ya mtu aliyemtibu. Hilo tumelishika.

Linalotunyima usingizi ni lile la Benaco na la Goma, mji wa Kongo walikokimbilia Wanyarwanda wengine. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo walioongoza mauaji ya kimbari, na kambini wakawa viongozi tena. Walishika ugawaji wa chakula, wakazidisha idadi ya watu kwenye orodha, wakawatisha waliotaka kurudi kwao. Msaada uleule uliomwokoa mtoto mwenye kipindupindu uliwapa nguvu wauaji. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka mwishoni mwa 1994. Matawi mengine ya shirika hilohilo yalibaki kwa muda, yakitaka kubadili hali yakiwa ndani.

Bwenini tumebishana hadi usiku wa manane. Wengi wetu tungebaki, ila tuseme hadharani tunayoyaona. Wenzetu wanajibu kwamba anayesema hufukuzwa, na mgonjwa hubaki peke yake. Hatujawashinda kwa hoja.

Na mambo haya hayajapita. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya Ndosho ilipokea majeruhi kuliko vitanda vyake, na wahudumu wakalazimika kuchagua nani atangulie chumba cha upasuaji.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Kwanza, somo la maadili lipewe saa za kujadili visa kama hivi, maana sasa tunakariri viapo tu. Pili, utusaidie kuwapata wauguzi wastaafu waliohudumu Benaco, waje wazungumze na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Wengine wako hapahapa wilayani, na umri umewatupa mkono. Nauli yao tumeanza kuichanga.

Naomba kuwasilisha.