Neno "tu" linawaponza watahiniwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyelalamika kuwa maswali ya kanuni kwenye mitihani ya mantiki, yaani yanayokupa kanuni na kukuuliza inaruhusu hukumu gani juu ya kisa fulani, ni ya kubahatisha. Niliwahi kuyafeli, tena vibaya, na siku hizi nawafundisha watahiniwa jioni. Wanaponzwa na kilichoniponza mimi: tunaisoma kanuni huku tumeshatoa hukumu kichwani.

Wiki iliyopita niliandika ubaoni: "Mtu anastahili lawama pale tu anapodhuru kwa makusudi." Nikawapa kisa cha dereva aliyemgonga mwenzake makusudi. Je, kwa kanuni hii pekee, tunaweza kusema anastahili lawama? Mikono yote juu: ndiyo! Nilipokataa, binti mmoja akaniuliza kwa ukali kama mimi ningemwachia dereva huyo. Nisingemwachia hata kidogo. Ila swali halikuuliza ningefanya nini. "Pale tu" inasema pasipo makusudi hakuna lawama. Haisemi kila penye makusudi lazima lawama iwepo. Futa "tu", na mambo yanageuka: makusudi sasa yanatosha kumtia mtu lawamani, lakini huwezi tena kumtetea kwa kanuni hiyo aliyedhuru kwa bahati mbaya. Herufi mbili hizo.

Wala si ujinga wao. Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alibuni mwaka 1966 jaribio la kadi nne ambalo huwa nalifanya kwa vipande vya boksi. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani zinaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni: penye irabu, nyuma pana namba shufwa. Ugeuze zipi kuihakiki? Wengi hugeuza A na 4. Hiyo 4 haina kazi, maana konsonanti nyuma yake haivunji chochote. Ya kugeuza ni A na 7, kwani irabu nyuma ya 7 ingeivunja kanuni. Nao, kama wanafunzi wangu, wameigeuza kanuni kinyume.

Kuna pia maswali ya kinyume, yanayotoa kisa na kukutaka uchague kanuni ya kukitetea. Hapo watu huyakimbia majibu yenye "kila" na "kamwe", kwa sababu wamefundishwa kuyaogopa. Msiyakimbie. Kanuni pana ndiyo mara nyingi inayokifunika kisa chote.

Ombi langu kwako, Mhariri: safu yenu ya chemsha bongo ikitoa majibu, isiishie kwenye herufi ya jibu sahihi. Tuambieni na kwa nini B si jibu.

Mkufunzi wa jioni