Oneni Kabla Halijafunikwa: Barua kwa Kamati za Ujenzi wa Shule, Mkoa wa Mwanza

Wanangu wajumbe wa kamati za ujenzi na za mapokezi, mwangaluka.

Mnakagua rangi, milango na vioo, kisha mnasaini. Kasoro inayoua mtoto iko palipofukiwa, na saini yenu inasema mlipaona.

Anzeni na mtaro wa msingi ukiwa wazi. Kwenye vilima vyetu mara nyingi upande mmoja hukutwa mwamba, upande wa pili udongo. Fundi akimwaga zege juu ya vyote viwili ameokoa kibarua, lakini upande wa udongo utazama na wa mwamba hautasogea. Ufa hupanda pale vinapokutana, ukatokee kwenye kona ya dirisha. Chimbeni udongo mpaka pagumu, au hamisheni jengo zima. Huko Kwimba na Magu adui ni udongo mweusi wa mbuga, unaofura masika na kupasuka kiangazi. Uondolewe; ukiwa na kina kirefu, mhandisi wa halmashauri achore msingi wa zege lenye nondo. Kuurundikia mawe juu hakusaidii kitu.

Habari ya tofali sitairefusha. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35 za inchi 6. Mkiambiwa umetoa 50, mmeuziwa mchanga. Zimwagiliwe siku 7 bila kukosa. (Ajabu, hata shule inayotazama ziwa huambiwa maji hakuna.)

Paa ndilo linalonisumbua zaidi. Upepo unaotangulia mvua ya ziwani huling'oa zima zima kwa sababu kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zimeshikwa na misumari mitupu. Vipande vya nondo vichomekwe kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla zege halijamwagwa, kisha vikunjwe juu ya mbao ya ukutani inayobeba kenchi. Zege likishakauka mmechelewa. Kwa hiyo siku ya kumwaga lenta mjumbe mmoja ashinde hapo, ahesabu: kila kenchi na kifungo chake, kila upande. Na bati iwe geji 28, yaani kipimo cha unene wake. Muuzaji akiwashawishi kwamba 30 ni kubwa zaidi, jueni geji ikipanda bati linakuwa jembamba.

Halafu radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi duniani, na Januari 2025 wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe, waliuawa darasani. Mtego wa radi si fimbo ya juu ya paa tu. Kazi yake iko ardhini. Kwenye mwamba, fimbo moja ya shaba iliyochomekwa juujuu haipitishi umeme huo. Utandazwe mkanda wa shaba mtaroni kuzunguka jengo, kisha fundi apime wakati wa kiangazi jinsi ardhi inavyouzuia umeme na awape kipimo kwa maandishi: kisizidi omu 10. Sehemu ya chini ya waya unaoshuka kutoka paani ipitishwe ndani ya bomba na kuzibwa kwa zege, maana shaba ina wezi.

Vyoo hesabu yake mnaijua: tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Msipokee madarasa mapya huku matundu yakiwa yale yale.

Mjumbe akikataa kusaini asiitwe mkwamisha maendeleo. Sababu zake ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao, nakala moja kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa mhandisi, na malipo ya fundi yasubiri.