Sun Ra hakuwa kichaa, tuulizeni sisi tuliomsikia

Bwana Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya Jumamosi kuhusu jazi na imeniudhi sana, tena nimeisoma mara mbili ndio nihakikishe. Mwandishi ameanza vizuri kabisa, Duke Ellington kapewa heshima yake, Miles Davis kapewa yake, halafu akifika kwa Sun Ra, mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani, anamalizana naye kwa sentensi moja, ati alikuwa kichaa fulani aliyevaa nguo za kumetameta na kuwaambia watu ametoka sayari ya Zohali. Basi, imeisha hapo. Hata neno moja kuhusu muziki wenyewe hakuna, na huyu ni mtu aliyetoa zaidi ya albamu mia moja na kuongoza bendi moja karibu miaka 40 mpaka akafa 1993.

Mimi nilisoma Philadelphia miaka ya 80. Wakati huo Sun Ra na bendi yake, Arkestra, walikuwa wanaishi hapo hapo mjini, mtaa wa Germantown, kwa nyumba ambayo ilikuwa ya babake Marshall Allen, yule mpiga saksafoni. Walihamia huko 1968 wakitoka New York na wengi wao walikuwa wanalala na kula na kufanya mazoezi kwa hiyo nyumba moja, na mazoezi yao si ya saa mbili halafu watu waende zao, ni mchana, usiku, saa yoyote mzee akishapata wazo. Pombe na bangi hakutaka kuziona kwa nyumba yake. Inasimuliwa kwamba mwanamuziki akileta utovu wa nidhamu adhabu yake ilikuwa kupanda jukwaani na wenzake akae hapo na ala yake mbele ya watu bila kupewa zamu ya kupiga. Sasa niambieni huo ni ukichaa wa aina gani.

Siku ya kwanza kuwasikia nilienda na Mkenya mwenzangu. Taa zilizimwa, ngoma zikaanza kulia huko nyuma ya ukumbi sio jukwaani, halafu wakaanza kuingia mmoja mmoja wakipita katikati yetu na kanzu za kung'aa na kofia za kila aina wakiimba, mwimbaji wao June Tyson mbele na ile sauti yake iliyonyooka, na mzee mwenyewe akaja mwisho, mnene, anatembea pole pole kama mtu aliye kwake. Akakaa kwa kinanda. Kilichofuata ni vigumu kukieleza gazetini, tarumbeta na saksafoni zote kwa pamoja, kila mtu na lake, sauti nzito mpaka unaisikia kifuani, na John Gilmore akiifinya saksafoni yake mpaka inalia kama mtoto. Mwenzangu aliziba masikio akaniambia twende. Nikamwambia ngoja.

Na ndio hapo, bila kusimama, bila kuhesabu moja mbili, mzee akapiga noti chache tu za kinanda na bendi nzima ikaingia kwa wimbo wa miaka ya 30 wa Fletcher Henderson, kiongozi wa bendi wa zamani, wa kudensi kabisa, safi, hakuna hata mmoja aliyechelewa. Mwenzangu akatoa vidole masikioni. Baadaye ndio nilijifunza kwamba Arkestra hawakuwa na orodha ya nyimbo za usiku huo, kiongozi anapiga utangulizi mfupi na wewe ni lazima uutambue hapo hapo, na walikuwa na mamia ya nyimbo kichwani. Pia nilijifunza kwamba Sun Ra hakuutoa huo mtindo kwa santuri za watu, alimfanyia kazi Henderson mwenyewe Chicago mwaka wa 1946 na 1947 pale Club DeLisa, akimpigia piano na kumpangia nyimbo. Huyu alikuwa ameisoma jazi yote kutoka mwanzo ndio akaamua kwenda mbele. Mtu akisikia ile sehemu ya kwanza peke yake anaweza kusema ni kelele, lakini ni lazima akae mpaka zifike zote mbili, manake kwake zilikuwa kitu kimoja.

Baada ya onyesho walikuwa wanauza santuri zao wenyewe kwa mkono, na nyingine majalada yake yamechorwa kwa kalamu na rangi, hakuna mbili zinazofanana. Nilinunua moja na ninayo mpaka leo. Nilipata kumsalimia. Nilipomwambia natoka Kenya hakuniuliza mambo ya simba na ndovu kama wengine wote kule walivyozoea, alianza moja kwa moja kunieleza mambo ya Misri ya kale na nyota, kwa sauti ya chini hata ilibidi niiname, na hakuwa na haraka ingawa watu walikuwa wamepanga laini nyuma yangu. Sitasema nilielewa kila kitu. Lakini nilijiona mtu mzima mbele ya mtu mzima, na kwa kijana mweusi mgeni Marekani wakati ule hicho hakikuwa kitu kidogo.

Hapo kwa santuri nataka nikae kidogo, sababu wanamuziki wetu wa River Road hapa Nairobi wataelewa haraka kuliko wasomi. Kutoka miaka ya 50 Sun Ra na rafiki yake Alton Abraham walikuwa na kampuni yao ya santuri, El Saturn, watu weusi Chicago wanarekodi muziki wao, wanauchapisha, wanauuza, hawangojei mzungu wa studio awaambie nyimbo ipi itauzwa na ipi itupwe. Walikuwa wanachapisha nakala chache sana na pesa haikuwa nyingi, lakini kazi ilibaki yao. Sisi hapa tuna wazee waliotunga nyimbo ambazo nchi nzima inaziimba na wamezeeka hawana hata karatasi ya kuonyesha ni zao.

Sio mimi peke yangu mwenye kumbukumbu hapa Nairobi. Kuna mzee mmoja jirani yangu alienda Lagos 1977 kwa ile FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na msafara wa Kenya, mnakumbuka tulipeleka mchezo wa kuigiza wa Kimathi wa Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo pamoja na ule wa Francis Imbuga. Arkestra walikuwa kwa msafara wa Marekani. Huyo mzee anasema watu karibu naye walianza kwa kucheka zile nguo, wengine wakanung'unika kwamba Wamarekani wamekuja kufanya maigizo, lakini zile ngoma zilipokolea kicheko kikaisha na yeye mwenyewe akawa amesimama. Nilipomuonyesha gazeti lenu akatikisa kichwa tu.

Na kuna dada mmoja wa South B aliyefanya kazi ya unesi New York, yeye alimwona mwishoni, baada ya kupatwa na kiharusi 1990. Analetwa kwa kiti cha magurudumu, mkono mmoja mzito, na bado anaongoza kwa macho na kwa huo mkono mwingine. Dada anasema kazini alikuwa anawaona wagonjwa kama hao kila siku wakikata tamaa, na usiku huo alilia kwa furaha.

Kitu ambacho mwandishi wenu angeuliza, na kingekuwa na faida kwa wasomaji wa hapa, ni kwa nini watu hawakumhama. Gilmore aliingia miaka ya 50 na alikuwa naye karibu muda wote mpaka mzee akafa, na huyu ni mpigaji ambaye John Coltrane mwenyewe, yule bingwa wa saksafoni, alisema alimsikiliza na kujifunza kwake, angeweza kwenda popote akalipwa. Marshall Allen aliingia miaka hiyo hiyo, ndiye anaongoza bendi tangu 1995, na Mei 2024 alifikisha miaka 100 akiwa bado anapiga. Hapa kwetu tunajua bendi zinavyokatika vipande, mwaka wa 1976 wanamuziki walimwacha Baba Gaston wakaenda kuunda Les Mangelepa, na siwalaumu, mtu ana watoto wa kulisha. Lakini Sun Ra naye hakuwa na pesa ya kuwalipa vizuri. Mimi naamini walikaa sababu kila siku ndani ya ile nyumba walikuwa wanafundishwa kitu ambacho hakifundishwi kwingine, na aliyewafundisha alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala.

Sasa hiyo habari ya Zohali. Huyu alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka wa 1914, jina Herman Blount, mahali ambapo sheria yenyewe ilimwambia mtu mweusi akae wapi na anywe maji kwa mfereji upi. Vita ya pili ilipokuja alikataa kwenda kuua watu, akafungwa jela 1942. Halafu akalikataa jina alilopewa na kulibadilisha kortini akawa Le Sony'r Ra, tarehe 20 Oktoba 1952. Hiyo tarehe Mkenya haihitaji kuelezwa, ndiyo siku gavana alitangaza hali ya hatari hapa, wazee wetu wakibebwa usiku na malori. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja, najua, lakini mimi kila Siku ya Mashujaa, tarehe hiyo hiyo, huwa namkumbuka pia. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hapa duniani wewe si kitu, akijibu kwamba mimi hata si wa hapa kwenu, mimi naona hiyo ni akili timamu.

Ombi langu kwenu ni hili. Wapeni wasomaji ukurasa mmoja wa Jumamosi. Wale waliokuwa kwa msafara wa Lagos 1977, waigizaji, wapiga ngoma, madereva, hata waliobeba mizigo, waandike waliona nini na walisikia nini, yaani si Sun Ra tu, wote. Wengi wamepita miaka 70 na hawako kwa simu hizi za kisasa kwa hivyo mtume kijana mwenye kinasa sauti awafuate nyumbani. Huyo jirani yangu yuko tayari wiki yoyote ila Jumapili asubuhi, huwa ana kanisa.

Mpenzi wa jazi,
Buruburu, Nairobi