Nakutumia andiko, ila anza na ukurasa wa mwisho

Mafinga, Jumapili jioni

Mnyalukolo wangu,

Kamwene! Ujumbe wako niliusoma Alhamisi nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka. "Nitumie lile andiko lenu la kuombea fedha za mradi, lile lililoshinda, nibadilishe jina la chuo." Hata salamu hukumaliza! Haya, hongera kwa uteuzi. Uratibu wa miradi kwenye vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi ni cheo kisicho na mshahara wala ofisi: vipindi vyako vya ushonaji unabaki navyo vilevile, na juu yake unakabidhiwa ufunguo wa kabati la mafaili. Hilo kabati ndiyo ofisi yangu, mwaka wa tatu sasa.

Andiko nitakutumia, wala sikunyimi. Ila ukilichukua hivihivi utachukua na oveni yetu, na oveni yetu sikuombei.

Najua uliwahi kusikia kwamba "Mafinga walipata oveni kubwa". Ngoja nikupe yote. Juni 2024 tulipata tangazo la mfadhili zikiwa zimebaki wiki mbili lifungwe. Mkuu wa Chuo akaniita akasema neno moja: "Andika." Nikaandika. Usiku, meza ya jikoni, watoto wamelala, blanketi mabegani, maana baridi ya huku mwezi wa sita unaijua. Na niliandika vizuri, sijisifu. Wasichana 60 waliokatishwa masomo, wafundishwe kuoka na kupika, watoke na vifaa vya kuanzia. Bango kitita, lile jedwali la mpango wa mradi, nililijaza lote, lengo mpaka viashiria, hakuna kisanduku kilichobaki wazi. Nilipofika kwenye bajeti ilikuwa saa nane ya usiku wa mwisho. Nikafungua proforma, ile karatasi ya makadirio ya bei, niliyorushiwa WhatsApp na muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, nikachukua namba iliyo chini, nikaibandika. Oveni moja ya deki tatu, yaani ngazi tatu za kuokea, na mashine moja ya kukandia unga. Sikumuuliza mtu. Mimi mwalimu wa kilimo, oveni naijua kwa kula mkate tu.

Tukashinda. Dola 40,000. Soda zikanywewa.

Tatizo la kwanza lilikuja kabla hatujanunua hata kijiko. Bajeti niliipiga kwa shilingi 2,700 kwa dola, karibu na bei ya siku zile. Fedha zikaingia Desemba, na wewe unakumbuka shilingi ilivyopanda mwishoni mwa 2024. Dola ilikuwa inacheza kwenye 2,400. Hesabu mwenyewe: milioni 108 nilizoziandika zikawa 96. Milioni 12 zimeyeyuka na hakuna mwizi wa kumshika. Wiki hiyohiyo mhasibu akanionyesha kwa kalamu, kimya kimya, maneno madogo chini ya proforma: bei haina VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia 18 juu ya oveni, juu ya mashine, juu ya kila kitu nilichokibandika. Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni kama mzazi aliyeitwa shule.

Hayo nilidhani ndiyo mabaya. Oveni ikafika Mei, kwenye lori, wakaishusha wanaume wanane na matusi mengi. Wanafunzi wanashangilia, Mkuu anapiga picha za kumtumia mfadhili. Akaja mwalimu wetu wa umeme, mzee wa maneno machache. Akachuchumaa nyuma ya ile oveni, akasoma kibati, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma tena. Akasimama.

"Mwalimu, hii inataka umeme wa njia tatu."

"Na sisi?"

"Sisi tuna njia moja."

Nikamuuliza tufanye nini. Akaizunguka mara moja, akasema, "Kwa sasa, tuifunike."

Tukaifunika kwa turubai la bluu. Ikakaa chini ya turubai kuanzia Mei mpaka Oktoba. Wasichana walijifunzia kuoka kwenye masufuria ya mchanga na zile oveni za mkaa za mafundi bati, na kwa kweli wakaoka vizuri tu. Kuku wa mpishi akataga juu ya turubai. Halafu ukimwuliza yule mzee kwa nini hakusema mapema, jibu lake ni fupi: "Nani aliniuliza?" Chuo hiki kilianza kama kituo cha kufundishia wakulima, na vyuo vyetu vilipoanzishwa 1975 hakuna aliyewaza deki tatu za mkate. Yeye anajua kila waya unapopita. Mimi niliandika kurasa 22 hatua hamsini kutoka karakana yake.

Kuvuta njia tatu mpaka jikoni kulihitaji fedha, na kwenye bajeti hapakuwa na fungu hilo. Mkataba wetu unaruhusu kuhamisha asilimia 10 tu kati ya mafungu bila kuomba. Zaidi ya hapo unaandika barua. Nikaandika. Mfadhili akajibu kwa swali moja: kwa nini hamkuliona hili wakati wa kuandaa andiko? Nikajibu kwa ukurasa mzima, mabadiliko ya bei, changamoto za miundombinu, mazingira ya utekelezaji, unayajua maneno yetu. Akauliza tena swali lilelile. Nikaandika tena, ndefu zaidi. Wiki tisa, mwenzangu, tunarushiana barua. Mwisho nikachoka, nikamwandikia mstari mmoja: "Hatukumuuliza fundi wetu." Kibali kikaja kesho yake.

Basi ukilifungua faili langu, anza na ukurasa wa mwisho, wa bajeti. Kurasa nyingine zote ni maneno, na maneno unayo wewe kunizidi. Kabla hujaandika lako zunguka chuo na daftari. Nenda stoo, nenda jikoni, nenda kwa fundi umeme, kaa na mhasibu asubuhi kabla hajachoka. Kila kifaa unachotaka kukiomba kiulizie: kinakula nini, kinalala wapi, nani anakifungua na nani anakitengeneza kikifa. Na matroni usimpite. Matroni ndiye aliyeniumbua mara ya pili.

Ni hivi. Niliandika wasichana 60. Siku ya kuripoti wakaja 58, nikafurahi, ni idadi nzuri. Matroni akanivuta pembeni: "Umewahesabu waliobebwa?" Walikuwa 23. Watoto wachanga 23, mgongoni, kiunoni, mmoja amelala kwenye beseni la nguo. Tangu serikali iliporuhusu Novemba 2021 wasichana waliojifungua warudi masomoni, sisi sote tunaandika habari zao kwenye maandiko, "wasichana waliopata ujauzito", tunaandika kwa huruma kabisa. Na bado kwenye bajeti yangu hapakuwa na mlezi, wala godoro dogo, wala uji. Nilimwandika mama nikamsahau mtoto. Wiki ya kwanza wengine walikuwa wanakanda unga kwa mkono mmoja. Wanne wakaondoka kabla ya mwezi kuisha, na hao ndio wanaoniuma kuliko oveni, maana oveni ilisubiri.

Tulikuja kupata chumba, stoo ya zamani ya majembe, tukaipaka chokaa. Matroni akamleta shangazi yake kukaa na watoto, tukimlipa kwa kuchangishana sisi walimu miezi miwili mpaka Mkuu alipopata njia. Kwenye andiko la pili mlezi yuko mstari wa tatu wa bajeti, juu ya vifaa. Mtu mmoja kwenye kamati alitaka tumwondoe eti "tupunguze gharama za uendeshaji". Nikamwambia aje akae na wale watoto asubuhi moja halafu arudi kwenye kikao.

Kile kipande cha utangulizi ulichonitumia nimekisoma. Ni kizuri, ila kikate. Umeanza na kiwango cha maambukizi ya VVU, Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, utafiti wa 2022–2023. Ni kweli tupu, na kila andiko linalotoka Nyanda za Juu Kusini linaanza na namba hizohizo; msomaji wa kule kwa mfadhili akiziona anafunua ukurasa. Kisha umeendelea na Mwalimu Nyerere alivyochukua wazo la vyuo vyetu kwenye vyuo vya wananchi vya Uswidi. Nayo ni kweli, tena ni historia ninayoipenda, lakini huyo mtu hakukuomba historia. Mwandikie kilichopo hapo Tukuyu: cherehani mlizonazo ni ngapi na ngapi zinashona, wasichana wangapi walikuja mwezi wa kwanza mkawarudisha kwa kukosa vitanda, wale waliomaliza mwaka jana wako wapi na wanashona nini. Ukiwa huna daftari la waliomaliza, lianzishe kesho. Mimi nililianzisha kwa kupiga simu moja moja, na nusu ya namba zilikuwa za waume walioachika.

Mambo ya kalenda nayagusa tu, mhasibu wako atakueleza vizuri zaidi. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Wa wafadhili wengi unaanza Januari. Utakuwa unaandika taarifa mbili za fedha zilezile, na hazitalingana, na utaulizwa na pande zote mbili. Ukipanga manunuzi makubwa yaishie Mei, utalala. Na kumbuka tangu 2023 manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, kwa hiyo yule fundi seremala wako mzuri wa kijijini, kama hajasajiliwa kwenye mfumo, msaidieni kujisajili mapema, msisubiri siku mnayotaka meza. Masurufu nayo, zile fedha anazopewa mtu mkononi akatumie kisha arejeshe hesabu, usimsainie mtu mwingine kabla hajarejesha ya kwanza hata kama ni Mkuu. Hasa kama ni Mkuu.

Halafu usitegemee mlango mmoja. Wenzetu wa miradi ya afya hapa Iringa na Njombe uliwaona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Barua asubuhi, magari yameegeshwa jioni. Kuna dada mmoja tuliyezoea kumwona na gari jeupe na vishikwambi, sasa anauza mitumba karibu na stendi, na ni hodari kwelikweli, bei hapunguzi. Sisi baada ya pale tukakaa tukaulizana: mkate ukiwa mzuri, kwa nini tusiuuze? Oveni iliwaka Oktoba. Siku ya kwanza deki ya chini ilitoa mkaa mtupu, juu mikate mibichi; mzee wa umeme akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Sasa tunauzia shule mbili za bweni na maduka ya hapa mjini. Fedha zenyewe si nyingi, lakini shangazi wa matroni analipwa kutokana na mkate, siyo kutokana na mtu yeyote wa ng'ambo, na hilo linanipa usingizi.

Sasa na mimi nina shida yangu, ndiyo maana barua imekuwa ndefu, ujue sitoi bure. Viazi, maharage na kuni za wanafunzi tunanunua kwa wakulima wa hapa jirani. Mkulima hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na hawezi kuwa nayo. Tunamlipa, anaweka dole gumba kwenye hati ya malipo, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri. Mkaguzi wetu wa ndani anaridhika. Mkaguzi wa mfadhili aliyekuja mwezi uliopita hakuridhika. Ameziweka hizo hati zote kwenye hoja za ukaguzi, anataka risiti ya mashine, na anasema tukikosa turudishe fedha. Ninunue kwa mwenye duka mjini, ambaye naye anavinunua kwa mkulima yuleyule, kwa bei ya juu, ili nipate karatasi? Mhasibu anasema ndiyo. Mimi roho inakataa. Najua chuo chenu mnanunua ndizi na maziwa kwa wanakijiji kila siku ya Mungu. Mnafanyaje? Kama mna fomu yenu, ipige picha unitumie kabla ya Ijumaa, maana majibu ya hoja yanatakiwa Jumatatu.

Andiko liko kwenye flashi. Nimempa dereva wa basi la asubuhi, pamoja na gunia la viazi na mkate mmoja wa deki ya katikati. Mpokee stendi, asije akaupeleka Kyela. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mwenzako wa bweni la chini.

Nimesahau: ile proforma iliyomo kwenye flashi ni ya zamani. Usiinakili.