Risala ya wanafunzi wa sayansi za jamii kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Ajira, Lubumbashi

Mheshimiwa Mama Mgeni wa Heshima,
Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo,
Waheshimiwa walimu wetu,
Wazazi mliotoka komini za mji wetu, Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi,
Wanafunzi wenzetu,

Jambo yenu wote.

Kwa niaba ya wanafunzi wa sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa na utawala, na uhusiano wa kimataifa, tunakukaribisha Mama kwa mikono miwili. Tumeambiwa uliahirisha safari ya Kolwezi ili uwe nasi asubuhi hii, na Mungu akuzidishie. Kwa kuwa wewe mwenyewe ulikaa kwenye mabenchi haya kabla ya kuongoza idara ya mahusiano na jamii katika kampuni ya madini, hatuna haja ya kukueleza mwanasosholojia ni nani.

Historia tutaipitia haraka. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya sayansi za jamii yalipangiwa Lubumbashi, na tangu vyuo viliporudishiwa uhuru wao mwaka 1981 masomo hayo hayajawahi kuondoka mjini hapa. Chama chetu kina umri wa miaka 6.

Katika miaka hiyo 6, Mama, tumefanya makubwa. Wenzetu 43 wamefundishwa kukusanya takwimu kwa simu kwa kutumia programu ya KoboToolbox, wakigawana simu 11. Tumefanya uchunguzi wa maji katika kaya 120 za Katuba na matokeo tukayapeleka kwa wakuu wa kartie, yaani mitaa. Mmoja wao alituambia kwamba siku zote wanafunzi humletea karatasi za maswali, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuletewa karatasi ya majibu. Wanachama wetu wawili walipata kazi ya siku 20 kwenye kampeni ya chanjo. Tunathubutu kusema hakuna chama cha wanafunzi mjini hapa kilichofika mbali hivyo kwa michango ya wanachama wake peke yao.

Sasa, Mama, tuingie katika jambo lililotufanya tukuite.

Jambo hilo ni staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa lisansi, shahada ya kwanza, anatakiwa kuifanya, na cheti chake ndicho kitu cha kwanza anachoulizwa akienda kuomba kazi. Tangazo la kazi likibandikwa linadai uzoefu wa miaka 2, mara nyingine 5. Uzoefu huo unaanzia kwenye staji, na staji kwetu hupatikana kwa aliye na mjomba au shangazi ndani ya kampuni. Asiye naye anaandika barua, anaiacha kwa mlinzi getini, anarudi baada ya wiki mbili na kumkuta mlinzi mwingine. Ndiyo maana wenzetu waliotetea memuari zao, tasnifu za kumaliza masomo, kwa alama nzuri wanauza mayunite, yaani vocha za simu, pembeni ya barabara. Kazi hiyo ni halali na hatuidharau. Kinachotuuma ni kwamba kazi waliyoisomea ipo, na iko katika mkoa wetu na ule wa jirani, Lualaba.

Mama unaijua kuliko sisi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na ikae na jamii hiyo kukubaliana hati ya majukumu, ile tunayoiita cahier des charges. Mtu hawezi kuiandika hati kama hiyo akiwa ofisini. Lazima aende kijijini, ajue chifu anamwakilisha nani na nani hawakilishwi, asikilize akina mama bila waume zao kuwajibia, apokee malalamiko ya shamba lililochukuliwa na kisima kilichoharibika, ayaandike, na arudi na jibu. Hayo ndiyo tuliyofundishwa miaka mitatu. Tena mtoto wa Ruashi akifika Fungurume, mji wa migodi huko Lualaba, anaongea na bibi wa pale kwa Kiswahili, moja kwa moja. Tumewaona washauri waliotoka mbali wakifanya mahojiano hayo hayo kupitia mkalimani, na mkalimani mmoja alikuwa mwanafunzi mwenzetu, aliyelipwa kwa siku na ambaye jina lake halikutokea popote kwenye ripoti.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tunasema haya kwa heshima yote: wewe si wa kwanza kuyasikia. Mwaka 2022 mgeni aliyeketi kwenye kiti hicho alituahidi kompyuta 10 za kituo cha ajira. Ukumbi huu ulisimama ukapiga makofi. Tulichanga, tukapaka rangi chumba, tukaweka kitasa kipya. Kompyuta hazijafika mpaka leo, na ufunguo wa chumba anao mweka hazina. Mwaka 2023 mgeni mwingine aliahidi nafasi 20 za staji. Tulimwandikia barua 4, na nakala zake zote tunazo zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Jibu hatujapata. Wanafunzi 20 tuliokuwa tumewachagua walisubiri hadi mwaka wa masomo ukaisha, na baadhi yao wako humu ukumbini.

Kwa hiyo kompyuta hatuombi tena. Tunaomba nafasi 15 kila mwaka katika idara yako, za miezi mitatu, na majina yachaguliwe na kitivo kwa alama na kwa usaili ulio wazi. Mwanafunzi akabidhiwe kazi ya kweli, kama kusaidia kutunza daftari la malalamiko au kufanya uchunguzi wa kaya, na awe na mkubwa mmoja anayemfuatilia hadi siku ya cheti.

Tunaomba pia nauli na mahali pa kulala. Hapo, Mama, tusikilize kwa moyo wa mzazi. Mwaka jana dada yetu mmoja alipata nafasi Kolwezi kwa juhudi zake mwenyewe, umbali wa kilomita 300 hivi kutoka hapa. Staji haikuwa na posho. Alilala kwa rafiki wa rafiki, chakula kikawa mara moja kwa siku, na siku ya 9 akarudi. Baba yake alikuwa ameuza cherehani ili asafiri. Alikuwa wa kwanza darasani kwao, na bado hana cheti cha staji.

Na tunaomba mambo haya yaandikwe. Pamoja na walimu wetu tumeandaa mkataba wa ushirikiano wa kurasa mbili, na Mkuu wa Kitivo ameshatia sahihi upande wake. Tunafahamu huwezi kuifunga kampuni peke yako bila kuwashauri wakubwa wenzako. Basi leo utuachie tarehe ya kutujibu na jina la mtu wa ofisini kwako tutakayemfuata siku hiyo. Nafasi ya kuandika vitu hivyo viwili tumeiacha kwenye ukurasa wa pili.

Nakala ziko mbele yako mezani, Mama, chini ya maua. Karibu.

Kamati ya Wanafunzi wa Sayansi za Jamii,
Lubumbashi