Asante, ndugu wa penseli

Kwako uliyeandika pembeni mwa nakala ya jiometri ya aljebra pale maktaba bila kuacha jina: shukrani za dhati.

Wanafunzi wa uzamili hukwama sana kwenye H¹ ya O(−3) juu ya mstari projektivu P¹ (mstari wa kawaida ulioongezewa nukta moja ya ukomo, wenye viwianishi x na y). O(−3) ni semi za x na y zenye digrii −3; H¹ yake hupima zile za kwenye makutano ya vipande vya mstari zisizoweza kutoka kwenye vipande vyenyewe. Wewe umeimaliza kwa mistari minne. Funika P¹ kwa vipande viwili, x≠0 na y≠0. Kwenye makutano yao, orodhesha monomia (semi za kiungo kimoja) xᵃyᵇ zenye a+b=−3. Futa zenye b≥0, maana zinatoka kipande cha kwanza. Futa zenye a≥0, hizo ni za kipande cha pili. Zinabaki x⁻¹y⁻² na x⁻²y⁻¹ tu. Dimensheni, yaani idadi ya zilizobaki, ni 2.

Kosa lenyewe umelipigia mstari mara mbili, na hapo ndipo ulipotuokoa: mtu huweka t=y/x, kisha akivuka kwenda kipande cha pili anasahau kuzidisha kwa kipeo cha tatu cha t. Bila kujua anakuwa amekokotoa H¹ ya O (yaani ya digrii 0), anapata sifuri, na kila kinachofuata kinaharibika.

Hata uhakiki umeuweka: kwa uwili wa Serre (kanuni inayooanisha H¹ na H⁰, na dimensheni zao huwa sawa), linganisha na H⁰ ya O(1), yaani semi za digrii 1 zilizo halali juu ya P¹ nzima, yenye x na y. Mbili tena.

Penseli ilikuwa inafifia. Tumeikoleza kwa wino.